Makapi ya Jelagat

Mimi ni mtu wa kuuliza. Mume wangu, aliyekuwa akitia grisi magurudumu ya mabehewa hapo stesheni ya Nakuru, alizoea kuniambia, "Adero, ungezaliwa mwanamume ungekuwa askari kanzu." Sikuona tusi katika maneno hayo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Tena huo ulikuwa mwaka wa 1956, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwakamata Wakikuyu kwa maelfu, na kila mtu mjini alitaka kujua jirani yake anafanya nini. Tofauti yangu na wengine ni kwamba mimi sikujificha.

Basi Jumamosi moja ya Februari, wakati upepo unapotoa vumbi jeupe ziwani na kulitia hata ndani ya sufuria iliyofunikwa, nilikuwa napita mtaa wa Bondeni kwenda kununua makaa. Njia yangu ilikatiza nyuma ya chumba cha Jelagat. Ua wake ulizungukwa na mabati makuukuu yaliyojaa matundu, na mimi tundu likiwa mbele ya jicho siwezi kulipita. Nikachungulia.

Jelagat alikuwa amepiga magoti mbele ya pipa la mahindi. Alikuwa akipitisha vidole kati ya punje, polepole, na kila mara akitoa kitu na kukiweka kando katika mkebe: msumari, kipande cha waya, kigae cha chupa, kinyesi cha panya. Alipomaliza, mahindi yalikuwa safi kabisa, ya kupeleka kinuni hapo hapo. Nilitaka kuendelea na safari yangu. Ndipo nikamwona ananyanyua gunia lililokuwa ukutani, analifungua, na kumwaga makapi na vumbi juu ya mahindi yale safi. Alimwaga mara mbili. Kisha akaingiza mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko, akakoroga.

Niliyasahau makaa. Nimewahi kuona wachuuzi wakitia mchanga katika maharagwe ili yapime zaidi, lakini Jelagat hakuwa mchuuzi, na mahindi yale hakuyauza. Kila mtu Bondeni alijua anayagawa.

Niseme kwanza alikuwa nani. Jelagat alikuwa Mtugen, mwanamke mrefu wa miaka hamsini na kitu, mjane. Mumewe alikuwa mkamuaji katika shamba la mzungu upande wa Rongai. Alipokufa kwa homa ya mapafu, bwana shamba alimpa mjane wiki moja ya kuondoka. Akaja Nakuru kwa miguu, akapata kazi ya kufagia katika ghala la mahindi karibu na reli. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka saba nilipoanza kumchunguza, na sikuwahi kusikia amechelewa hata siku moja.

Pale ghalani magunia hupasuka. Yanapotupwa kutoka behewani, punje humwagika sakafuni, zikakanyagwa na kuchanganyika na uchafu wa kila aina. Nyapara wa ghala hakutaka kujisumbua nazo. Alikuwa amemwambia Jelagat azichukue zote kila Ijumaa jioni, kwa sharti kwamba Jumatatu asikute punje hata moja chini. Mwanamke mwingine angepika na kuuza pombe. Jelagat alizipeleka nyumbani, na Jumamosi mchana watu waliolala njaa walikwenda kwake.

Ni hao watu niliotaka kuwaona sasa, kwa hiyo mchana nikarudi, na safari hii nikapita mlangoni kwa heshima. Nilikuta wanawake wanane na wazee wawili wameketi uani, kila mmoja na ungo wake, wanapepeta. Vumbi lilikuwa limewafanya wote rangi moja. Utaratibu ulikuwa hivi: unachota mahindi machafu pipani, unayapepeta mpaka yatakate, kisha Jelagat anapima; nusu unakwenda nayo, nusu inabaki. Na kilichonishangaza zaidi ni kwamba Jelagat, ambaye kwa kawaida maneno yake ungeyahesabu kwa vidole, alikuwa akiwagombeza watu wale kuliko nyapara yeyote. Huyu anapepeta kama amelala. Yule anamwaga punje. Mzee mmoja aliambiwa arudie ungo mzima tangu mwanzo, akarudia bila kununa.

Miongoni mwao alikuwapo Wangare. Huyu nilimjua vizuri. Zamani alikuwa na kibanda cha viazi sokoni, na hakuna siku niliyonunua kwake bila kupata nyongeza ya viazi viwili vitatu. Mumewe, Ephantus, fundi wa cherehani, alikuwa amechukuliwa miaka miwili nyuma na kupelekwa kizuizini, hakuna aliyejua kambi gani. Kibanda kilifungwa. Watoto walikuwa watatu. Jelagat alimwambia mbele yetu sote, "Wangare, leo mikono yako iko wapi? Ona makapi imebaki." Wangare akasonya, akatabasamu kidogo, akarusha mahindi yake tena hewani.

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Nilifikiri hivi: huyu mama anayo mahindi safi, anayachafua kwa makusudi, halafu anawakalisha wenye njaa juani kwa saa tatu wayasafishe upya, na juu yake matusi. Kwa nini? Niliwaza pengine anafurahia kuwa bosi wa watu, yeye ambaye maisha yake yote amefagia chini ya miguu ya wengine. Niliona nimeigundua siri yake. Sikumwuliza mwenyewe, mimi ninayeuliza kila mtu kila kitu, na hilo ndilo kosa linaloniuma mpaka leo.

Nililopata nililipeleka kanisani. Mwenyekiti wa umoja wetu wa akina mama alikuwa Nanyama, mke wa mwalimu, Mbukusu mnene mwenye moyo mwema na mapenzi makubwa ya utaratibu. Nilipomaliza kueleza alifunga macho kwa huzuni. Akasema kutoa ni moyo, na moyo hautii makapi. Palepale tukapanga. Mahindi yatoke kwa Jelagat, umoja uongeze maharagwe, na kila Jumamosi tugawe chakula kikiwa safi, mezani, katika chumba cha kanisa, bila mtu kutokwa jasho. Na ili asije mjanja mmoja akachukua mara mbili, tuwe na daftari: jina, idadi ya watoto, mume yuko wapi. Wenzangu walinipongeza. Nilitembea kwenda nyumbani nikijiona mtu.

Tulikwenda watatu kwa Jelagat. Nanyama alizungumza vizuri, hakumlaumu kwa lolote. Jelagat alisikiliza akiwa ameegemea ufagio wake.

"Hii mahindi si yangu," akasema. "Ni ya sakafu. Lakini watakuja?"

Nanyama akacheka, akasema mwenye njaa hana miiko. Jelagat aliuegemeza ufagio ukutani. Alilibingirisha pipa mwenyewe mpaka mlangoni.

Jumamosi ile tulitandika kitambaa mezani. Mahindi yaling'aa, maharagwe yalikuwa yamechaguliwa, Nanyama alikuwa na kalamu mpya ya wino. Tulikaa tangu saa nne mpaka saa tisa. Walikuja watu wawili. Mmoja alikuwa kibarua wa duka la mikate, mwanamume mwenye mashavu, ambaye alitaja jina lake kwa sauti kubwa na kuomba tumwandikie pia mama yake aliyeko Kakamega. Wa pili alikuwa mlevi aliyekosea mlango. Wale wanawake wanane, wale wazee wawili, hakuna hata mmoja aliyetokea. Nanyama alisema labda hawakupata habari. Tukapeleka habari nyumba kwa nyumba. Jumamosi ya pili hakuja hata yule wa mikate.

Hapo udadisi wangu ulianza kuchanganyika na woga. Nilikuwa nikikutana na Wangare njiani, na nilianza kuona shingo yake inavyotoka katika nguo. Alikuwa akienda kila asubuhi kutafuta kibarua cha kufua, na kila jioni alirudi vile vile, kwani nani angempa kazi mke wa mtu aliye kizuizini? Jumatano moja mwanawe wa kati, msichana aitwaye Wariara, alianguka katika foleni ya maji. Walimmwagia maji usoni, akaamka, akasema ni jua tu. Ilikuwa saa moja asubuhi.

Nikajaza nusu debe ya mahindi, safi, nikaongeza maharagwe, nikajitwika. Wangare alinipokea kwa adabu zote. Alinifutia kigoda kwa nguo yake. Jiko lilikuwa baridi, na watoto watatu walikuwa wamelala kitandani mchana kweupe wakiniangalia. Nilimweleza kwamba nimemletea chakula kutoka kanisani, na kwamba nashangaa kwa nini haji mwenyewe, maana ni haki yake.

"Jina langu limeandikwa mara nyingi, mama," akasema. "Kwa askari, kwa chifu, kwa ofisi ya vipande na pasi. Sijaona mara moja limeandikwa kwa heri."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Sisi tuliona daftari; wao, Wakikuyu wa mwaka ule, waliona daftari jingine kabisa. Nikamwambia basi, hapa hakuna daftari, hili nimeleta mimi Adero kwa Wangare. Nikalisogeza debe. Wariara aliliangalia debe, akamwangalia mama yake, kisha akageuza uso ukutani.

"Nimekufanyia kazi gani?" Wangare akauliza.

Nikasema hakuna kazi, ni msaada tu.

Alinishukuru. Akasema kwamba yeye bado ana kidogo, na kwamba hapo mtaani kuna watu wenye shida kweli, niwapelekee hao. Aliliinua debe, akanitwika mwenyewe, akanisindikiza mpaka njia panda kama mwenyeji mwema anavyofanya.

Nilikasirika, sitaficha. Nilitembea nikimsema moyoni: kiburi gani hiki, watoto wanakufa, yeye analinda heshima. Lakini kadiri nilivyotembea ndivyo debe lilivyozidi kuwa zito, na nilipofika Bondeni hasira ilikuwa imenigeukia mimi mwenyewe. Nikaingia kwa Jelagat, nikalitua debe miguuni pake, na hatimaye nikamwuliza swali nililopaswa kumwuliza tangu siku ile ya kwanza: kwa nini alikuwa akitia makapi?

Alikuwa anachemsha chai. Aliniangalia muda mrefu, akanimiminia kikombe, ndipo akaniambia. Nitayaweka maneno yake jinsi alivyoyasema, maana sijawahi kumsikia akisema mengi kama siku hiyo.

"Nilikuwa msichana wa kuchunga mbuzi, huko milimani kwetu. Njaa ikakuja, mbuzi ikaisha. Baba akachukua mfuko, tukashuka kwa mtu mmoja ambaye alikuwa na wimbi. Huyo mtu alikuwa mzuri. Akasema, chukua, watoto wale. Baba akasema asante, yeye anapita tu. Tukarudi na mfuko tupu. Ndugu yangu mdogo akakufa hiyo mwezi."

Alikunywa chai.

"Baadaye tukaenda kwa mtu mwingine. Ua ya boma yake ilikuwa imeanguka, na yeye amesimama hapo. Hakusalimu baba vizuri. Alimgombeza. Akasema, wewe mwanamume mzima unaangalia tu, huwezi shika hata mti moja? Baba akashika. Akafanya kazi mpaka jua ikaingia. Akapewa wimbi, akabeba, akatembea mbele yangu akiimba."

"Ua uliangushwa na nini?" nikauliza.

"Mimi nilikuwa naangalia, kama wewe. Kamba ya kufunga hiyo ua, yote ilikuwa imekatwa na kisu. Ilikuwa imekatwa hiyo asubuhi."

Nilikiweka kikombe chini. Lakini kuna swali lililobaki, nami siwezi kubaki na swali.

"Baba yako alijua?"

"Hiyo sikumwuliza," akasema Jelagat.

Nilimsihi achukue mahindi yote, achukue na maharagwe, arudishe mambo yake kama yalivyokuwa, na mimi nitamfuata Nanyama nimweleze. Akakubali kwa wengine wote. Kwa Wangare akakataa.

"Hapa kwangu alikuwa mtu wa kazi," akasema. "Wewe ndiye ulimwandika maskini, ukamfuata mpaka kwake na hiyo umaskini kichwani. Sasa nikimwita atajua umenituma. Mtoe huko wewe."

"Nitamtoaje?"

"Uko na mahindi. Chafua. Halafu mwite, na umgombeze."

Mimi ni mwanamke wa usafi. Kwangu hata kuni huwa napanguza. Asubuhi iliyofuata nilitandika gunia uani, nikamwaga juu yake yale mahindi yaliyochaguliwa punje kwa punje, kisha nikasimama nikiyaangalia kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Nikaleta majivu ya jikoni. Nikaleta takataka za ufagio. Nikaleta maganda ya mahindi kutoka kwa ng'ombe wa jirani. Nikamwaga, nikakoroga, na nikaona aibu, kwa sababu mkono wangu ulikuwa ukifanya jambo ambalo mdomo wangu ulikuwa umelisengenya mbele ya kanisa zima.

Kisha nikaenda kwa Wangare. Sikuingia. Nilisimama mlangoni, nikasema kwa sauti ambayo majirani wangeisikia kwamba kuna watu wanakaa ndani saa hizi na kazi imejaa mtaani. Kwamba nimeletewa mahindi machafu ajabu, mgongo wangu unauma, mume wangu anarudi zamu jioni na hakuna unga. Na kama yeye hawezi kupepeta tena aniambie nimtafute mtu mwenye nguvu. Wangare alitokea mlangoni akanitazama. Nikageuka nikaondoka.

Nilingoja. Saa nne ikapita, treni ya mizigo ikapita. Nilifagia mahali palipofagiliwa. Niliwaza: asipokuja leo, hatakuja tena, na yule msichana siku moja ataanguka asiamke, na itakuwa ni kazi yangu, mimi mwenye mdomo na daftari. Nililia kidogo. Nikanawa uso.

Saa nne na nusu Wangare aliingia uani na ungo wake kwapani. Watoto wote watatu walikuwa nyuma yake. Sikumsalimu vizuri, nilimwambia amechelewa. Aliketi kwenye gunia, akachota mahindi kwa kiganja, akayasogeza karibu na uso, akayanusa.

"Hii ni majivu ya jiko," akasema.

Tuliangaliana. Mboni za macho yake hazikuwa na hasira. Zilikuwa zikinipima tu, kama mtu anavyompima kibarua mgeni. Kisha akafungua kanga kiunoni, akaifunga kichwani kujikinga na vumbi, akaanza kupepeta. Alipepeta vizuri sana. Watoto waliokota punje zilizoruka, wakazitafuna mbichi, nami nikajifanya sioni. Kabla ya adhuhuri alikuwa amemaliza. Nikapima nusu na nusu, nikakaza mkono katika kupima ili asione huruma ndani yake. Alifunga mfuko wake, akajitwika, akasimama wima.

"Jumamosi utie kokoto," akasema. "Ndogo ndogo. Hii imeisha upesi, na mimi sichukui robo debe kwa kazi ya asubuhi moja."

Swali lilikuwa limefika ulimini. Tangu lini alijua? Na wale wanawake wengine saba, na wale wazee wawili, je, nao walikuwa wakijua miaka yote ile kule kwa Jelagat, na mjinga nilikuwa mimi peke yangu? Nilifunua mdomo, nikaufunga.

Nikamwambia asinifundishe kazi katika ua wangu. Alipopotea kwenye kona, nilichukua karai, nikaenda kando ya reli kuokota kokoto.